Ufunguo wa Gari la Zamani Ukipotea: Kuchonga Mpya au Kubadilisha Kitasa?

Mwenye Peugeot 504 au Volkswagen Beetle jijini Kampala aliyepoteza ufunguo ana njia mbili. Ya kwanza ni kukivua kitasa cha mlango na kumpelekea fundi wa funguo, ambaye hukifungua, akapima vibamba vidogo vilivyomo ndani, kisha akachonga ufunguo unaolingana navyo. Na kwa kuwa magari ya enzi hiyo yalitengenezwa bila chipu ya kielektroniki ndani ya ufunguo, ufunguo wa chuma pekee unatosha. Wakati mwingine namba ya ufunguo imegongwa kwenye kitasa chenyewe, na hapo kazi huwa nyepesi zaidi.

Ya pili ni kununua kitasa kilichotumika, kwa mfano katika soko la Kisekka. Ni haraka, lakini huenda ukaishia na ufunguo mmoja wa mlango na mwingine wa kuwashia injini.

Mimi ningechonga, isipokuwa vibamba viwe vimelika au silinda ya kitasa, yaani sehemu ufunguo unamoingia, iwe imevunjwa na mwizi. Kitasa kinachogoma tu, ambacho mara nyingi kimejaa vumbi na grisi iliyoganda, kisafishwe na kutiwa unga wa grafiti, kilainishi kikavu, kabla ya kuhukumiwa.