Uanagenzi katika mashirika ya kutetea sayansi Marekani: unamfaa nani?

Mashirika ya kutetea sayansi nchini Marekani hayalingani, na neno "uanagenzi" kwao hubeba kazi zisizofanana hata kidogo. Lipo kongwe la AAAS (Jumuiya ya Marekani ya Kuendeleza Sayansi), lililoanzishwa mwaka 1848. Lipo Federation of American Scientists, lililoundwa 1945 na wanasayansi waliotoka kwenye mradi wa bomu la atomiki, na Union of Concerned Scientists, lililozaliwa katika chuo cha MIT mwaka 1969. Yapo pia madogo yenye jambo moja mkononi, kama National Center for Science Education (NCSE) la Oakland, California, linalotetea ufundishaji wa mageuko ya viumbe na mabadiliko ya tabianchi shuleni.

Tathmini hii inahusu nafasi za miezi miwili hadi minne wanazopewa wanafunzi wa vyuo na waliohitimu karibuni. Haihusu ufadhili wa sera wa AAAS (fellowship inayowapeleka wanasayansi kufanya kazi serikalini), ulioanza 1973: huo unataka uraia wa Marekani na shahada ya uzamivu, au uzamili wa uhandisi pamoja na miaka ya kazi. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kupoteza msimu mzima wa maombi.

Kipimo chetu ni kimoja: je, mwanagenzi anakabidhiwa faili lake mwenyewe? Shirika lenye jina kubwa linaweza kukuweka miezi mitatu ukipanga viti vya mikutano na kuandika machapisho mafupi ya mitandao ya kijamii. Shirika la watu kumi na watano linaweza kukupa majimbo sita uyafuatilie tangu siku ya tatu. La pili ndilo lenye thamani, hata kama jina lake halijulikani na mtu nyumbani kwenu.

Kazi ya kufuatilia miswada ndiyo shule yenyewe. Ukiitazama kwa mbali ni jedwali tu: namba ya mswada, aliyeuwasilisha, kamati ulikopelekwa, tarehe ya kusikilizwa, hali yake. Ugumu uko kwenye maneno. Sheria ya Louisiana ya 2008 na ile ya Tennessee ya 2012, zilizofungua mlango wa kudhoofisha somo la mageuko, hazikujitangaza kuwa sheria za uumbaji. Ya Louisiana inazungumzia fikra tunduizi na mjadala huru wa nadharia za kisayansi. Ya Tennessee inazungumzia nguvu na udhaifu wa nadharia hizo. Zote zinayataja mageuko pamoja na ongezeko la joto duniani na uzalishaji wa nakala za binadamu. Mwanagenzi anayetafuta neno "uumbaji" pekee kwenye tovuti ya bunge la jimbo atarudi mikono mitupu na kuripoti kwamba kuko shwari. Ndiyo maana shirika zuri humpa orodha ya misemo ya kutafuta, na humtaka asome mswada mzima badala ya muhtasari wake.

Makosa mengine ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kusoma toleo la zamani: mswada unaweza kufutwa matini yote na kujazwa mengine huku namba ikibaki ileile, kwa hiyo safu ya "toleo na tarehe yake" lazima iwemo kwenye jedwali. La pili ni kuandika "umekufa" kwa mswada uliolala tu. Katika baadhi ya majimbo, mswada usiopita mwaka wa kwanza huvushwa hadi mwaka wa pili wa bunge hilohilo.

Msimu nao unaamua utafanya nini kuliko tangazo la kazi linavyosema. Mabunge mengi ya majimbo huanza Januari na kufunga kabla ya majira ya joto. Texas, Montana, Nevada na North Dakota hukutana kwa kawaida katika miaka ya witiri tu. Anayetaka miswada ya majimbo basi aombe msimu wa Januari hadi Mei. Wa majira ya joto atakuta mabunge mengi yamefungwa. Kazi ya wakati huo ni bajeti ya taifa ya utafiti, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza Oktoba 1, na Kongresi huenda mapumziko Agosti. Wanafunzi wengi hugombania majira ya joto kwa sababu chuo kimefungwa. Tunawashauri wanaoweza kufanya saa 10 au 15 kwa wiki wakiwa masomoni wachukue Januari.

Kuna kazi ya nyaraka, ambayo waombaji huikimbia wakidhani ni kupanga makaratasi. Kesi ya Kitzmiller dhidi ya Wilaya ya Shule ya Dover, Pennsylvania, iliyoamuliwa Desemba 20, 2005, inaonyesha uzito wake. NCSE liliwasaidia wazazi walioishtaki wilaya kwa kuingiza "usanifu wenye akili" kwenye somo la baiolojia. Rasimu za kitabu cha kiada kilichokuwa kiini cha kesi zilipolinganishwa, ilionekana kwamba mwaka 1987, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku sheria ya kufundisha uumbaji katika kesi ya Edwards dhidi ya Aguillard, waandishi waliondoa neno la "waumini wa uumbaji" (creationists) na kuweka "watetezi wa usanifu" (design proponents). Mahali pamoja kazi ya kubandika iliharibika, likabaki neno lisilo na maana katika lugha yoyote: "cdesign proponentsists", herufi za neno la kale zikiwa zimening'inia pande zote mbili za jipya. Mwanafalsafa Barbara Forrest aliueleza ulinganisho wa rasimu hizo mahakamani. Anayeweza kukaa na matoleo manne ya andiko moja bila kuchoka ana kipaji ambacho mashirika haya yanakihitaji sana.

Maoni kwa serikali ni kazi ya tatu yenye faida. Wakala wa serikali kuu anapopendekeza kanuni, hutoa muda wa maoni, mara nyingi siku 30 au 60, na yeyote anaweza kuyatuma kupitia Regulations.gov. Sheria ya taratibu za utawala ya 1946 ndiyo msingi wake, na mahakama humtaka wakala ajibu hoja nzito. Barua elfu moja zinazofanana zinaweza kujibiwa kwa aya moja. Maoni yenye takwimu, jina la kipengele na namba ya ukurasa hayapitwi hivihivi. Kosa linaloua kazi yote ni kukosea namba ya jalada, au kusubiri saa ya mwisho ya siku ya mwisho.

Mipaka ya kisheria inabidi uijue kabla ya kuingia. Mengi ya mashirika haya yamesajiliwa chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi, yaani kama mashirika ya hisani yasiyotozwa kodi. Hayaruhusiwi kabisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea, marufuku iliyowekwa 1954. Kushawishi wabunge kunaruhusiwa kwa kiasi: shirika lililochagua kipimo cha 501(h), kinachopima ushawishi kwa fedha zilizotumika, linaweza kutumia hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake, asilimia zikipungua kadiri matumizi yanavyokua, na kikomo ni dola milioni 1 kwa mwaka. Saa za mwanagenzi anayelipwa huingia kwenye hesabu hiyo. Jaza karatasi ya saa kila siku. Kukumbuka Ijumaa ulichokifanya Jumatatu ni kuwatia wahasibu matatani.

Sasa malipo. Mashirika yasiyo ya faida yana nafasi pana kisheria ya kutumia watu wa kujitolea, na kwa makampuni Wizara ya Kazi hutumia tangu Januari 2018 vigezo saba vya kupima nani ananufaika zaidi. Kisheria linaweza kupita, lakini kwa maoni yetu nafasi ya saa 40 kwa wiki bila malipo katika mji ghali kama Washington si nafasi. Ni mchujo wa wenye uwezo. Kabla ya kuomba, fungua Fomu 990 ya shirika, taarifa yake ya mwaka kwa mamlaka ya kodi, ambayo sheria inalitaka liionyeshe kwa umma. Ukurasa wa kwanza, mstari wa 5 unataja idadi ya waajiriwa na wa 6 idadi ya wanaojitolea. Jedwali C linaonyesha shughuli za ushawishi. Dakika kumi hapo zitakueleza zaidi ya ukurasa wao wa ajira.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 awe mwangalifu maradufu. Kibali cha CPT (mafunzo ya kazi wakati wa masomo) lazima kiandikwe kwenye I-20, hati ya uanafunzi inayotolewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na kazi iwe sehemu ya mtaala. Kwa kawaida hutolewa baada ya mwaka mmoja kamili wa masomo. Miezi 12 ya CPT ya muda wote inafuta haki ya OPT (kibali cha kufanya kazi ya fani yako, kwa kawaida baada ya kuhitimu) katika ngazi hiyo ya masomo. Na usidanganyike kwamba bila mshahara hakuna tatizo: nafasi ambayo kwa kawaida hulipwa inaweza kuhesabiwa kuwa ajira hata ukiifanya bure. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla ya kusaini chochote.

Maombi yenyewe ni mepesi: wasifu, barua ya ukurasa mmoja, sampuli ya uandishi. Sampuli ndiyo inayoangusha wengi. Ripoti ya maabara ya kurasa 20 haisomwi. Chukua utafiti mmoja, ueleze kwa maneno 500 kwa mjumbe wa bodi ya shule asiyejua baiolojia, kisha mpe rafiki asiye mwanasayansi aukosoe.

Kwenye usaili uliza maswali matatu: nani atasoma rasimu zangu na baada ya siku ngapi, mwanagenzi aliyepita aliacha kazi gani iliyokamilika, na je, nitaruhusiwa kuionyesha kazi yangu nikiondoka. La mwisho lipate jibu la maandishi mapema, kwa sababu muhtasari mwingi wa miswada ni wa ndani, na ukishakabidhi kompyuta yao huna namna ya kuurudia.