Uzoefu wangu: mgongo, daktari wa GP na pauni 55 za osteopathi

Jamani naandika hii nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Mlioko Uingereza mnaofanya kazi za kutunza wazee mtanielewa haraka. Niliumia mgongo kazini, shifti ya usiku, tulikuwa tunamgeuza babu mmoja kitandani, mwenzangu akachelewa kushika, uzito wote ukaniangukia mimi, nikasikia kiuno kimekata. Asubuhi hata soksi sikuweza kuvaa.

Kwa GP, yule daktari wa mtaani unayesajiliwa kwake, mnajua kulivyo. Saa mbili kamili asubuhi unapiga simu, laini bize, ukipata unaambiwa wewe ni wa ishirini na kitu kwenye foleni, zamu yako ikifika apointimenti za leo zimeisha, piga kesho. Hayo nilivumilia. Kilichonichefua ni siku nilipoingia ndani. Daktari macho kwenye kompyuta, anaandika kabla sijamaliza kusema. Nikamweleza mgongo, nikamwambia na mguu wa kushoto unakufa ganzi mpaka vidoleni. Akaninyooshea kidole kimoja, eti leo tunazungumzia tatizo moja tu, la mguu uweke apointimenti nyingine. Tatizo moja! Mguu unakufa ganzi kwa ajili ya huo huo mgongo, mimi sijasomea udaktari lakini hilo nalijua, yeye ameuhesabu ugonjwa wa pili utafikiri nimeingia dukani nataka vitu viwili kwa hela ya kimoja. Hakunigusa. Hakuniambia hata nisimame nimuonyeshe. Meza brufeni, rudi baada ya wiki sita kama haijapoa, na jina likaingizwa kwenye foleni ya fiziotherapia. Hata zile dakika kumi za apointimenti hazikuisha.

Na mtu asiniambie ni bure, atanipandisha presha. Mimi nimekuja kwa viza ya ndoa, ile ada ya afya ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza na unalipa zote kwa mkupuo kabla hata viza hujaiona, halafu kila mwezi mshahara unakatwa kodi na bima ya taifa juu yake. Nimelipa. Nimelipa kweli kweli.

Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi akaniona navyotembea kwa kujivuta, akasema mamii utalemaa ukingoja hiyo barua, lipa uende kwa osteopathi. Hawa ni watu wanaotibu mifupa na misuli kwa mikono. Nikaenda roho juu juu. Yule mama swali la kwanza kabisa, la kwanza, lilikuwa ganzi inafika wapi? Katikati ya mapaja kuna ganzi? Mkojo unaushika vizuri? Akaniambia ukiona ganzi imeingia sehemu za siri au mkojo unakutoka wenyewe usije kwangu, kimbia emejensi siku hiyo hiyo. Akanigonga goti na kile kinyundo, akaniinua mguu taratibu huku ananiangalia usoni kuona unaumia wapi, akauliza nalalaje, wazee nawanyanyuaje, nimezaa mara ngapi. Ndio akaanza kubonyeza, kidogo kidogo mpaka akafika penyewe. Machozi yalinitoka na wala si kwa maumivu. Nilikuwa nimesikilizwa. Nyota tano, tena ingekuwepo ya sita ningempa.

Ila pauni 55, karibu nusu ya shifti yangu ya usiku imeondoka kwa kikao kimoja. Na niseme ukweli, nafuu ilikuwa kubwa lakini niliporudi kunyanyua watu maumivu yakarudi, sio kama mwanzo, ila yakarudi. Mwenyewe aliniambia mikono yake peke yake haitoshi lazima nifanye mazoezi, na hata mwongozo wa 2016 wa NICE, ile taasisi inayotoa miongozo ya matibabu hapa, unasema hivyo hivyo. Basi nyota nne.

Nilitaka kuandika GP msiende kabisa, lakini siwezi. Mtoto wangu alizaliwa kwa operesheni ya dharura hospitali hizi hizi za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, usiku wa manane, watu wakakimbia na kitanda changu na hakuna aliyeniuliza hela mlangoni. Osteopathi hawezi kunifanyia hilo. Kwa hiyo sikubali mtu aiite NHS takataka. Nachosema watu hawaendi kulipa kwa sababu wana hela za kuchezea, wanaenda kwa sababu kule kuna mtu atakugusa panapouma, na wasio na hizo pauni 55 wanabaki na brufeni. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko kiuno.

Mkienda, kwanza mtafuteni jina lake kwenye rejista ya General Osteopathic Council, iko mtandaoni, sheria ya 1993 hairuhusu mtu ajiite osteopathi kama hayumo. Mimi nimemwandikia meneja wa kliniki ya GP malalamiko, suala la kidole na mguu nimelieleza lote. Barua ya fiziotherapia bado haijafika.