TAHADHARI: Yule muuza "vitamini za kujaza mwili" pale jimu

Yule jamaa wa begi jeusi msimpe hata shilingi tena. Mshenzi kabisa! Vidonge vyake si vitamini, wala si hizo steroidi za misuli anazowanong'oneza wanaodadisi. Paketi tupu anazotupa nyuma ya choo zinasema kila kitu: deksamethasoni ya miligramu 0.5 na siproheptadini ya miligramu 4. Ya kwanza hutibu uvimbe na mzio mkali, ya pili ni ya mafua ya mzio na huleta njaa na usingizi.

Na anavyowakamata sasa! Anakupandisha kwenye mizani mbele ya wenzako, anaandika kilo zako daftarini, anakupa kifuko cha nailoni cha wiki moja. Wiki ikiisha anakupandisha tena: kilo zimepanda, mashavu yamejaa, jimu nzima inapiga makofi. Nani asingeamini? Hata wanachuo wenye akili zao wamelambwa, aibu tupu. Mizani haijui misuli ni ipi. Kilo zile ni chakula, mafuta na maji, huku deksamethasoni ikila nyama ya mapaja na mabega, palepale unapopigia tizi. Vidonge vitatu vya deksamethasoni kwa siku ni sawa na miligramu 10 za predinisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo. Sukari inapanda, presha inapanda, na tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza kotisoli, homoni ya mwili ya kukabili mshtuko. Ukikatisha ghafla baada ya wiki kadhaa unatapika, presha inaporomoka, unaweza kuzimia. Mliokwisha kumeza muda mrefu, nendeni hospitali na kifuko chenu, daktari awapunguzie taratibu.

Vichupa vyake vya mafuta ya kudunga, anavyodai ni vya misuli, ndiyo balaa jingine. Sindano moja watu wanne: majipu, homa ya ini B, VVU. Hata ikiwa ni testosteroni halisi, yaani homoni ya kiume, korodani husinyaa, mbegu hupungua, matiti huota, na kijana ambaye bado anarefuka mifupa yake hufunga mapema, urefu unakomea hapo.

Akamatwe! Afungwe, na mwenye jimu anayemfungulia mlango aende naye. Watu wa kumuuzia mtoto wa sekondari sindano hawafai kuonewa huruma.

Dalili: kifuko hakina jina wala tarehe, anakukataza kumwonyesha mfamasia, uso unavimba kabla ya mkono.

Mwenye picha za vile vifuko na paketi anitumie leo, zinakwenda TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania.