Kahawa chungu na mirungi kwa anayekesha

Watu wengi hapa Unguja huviweka fungu moja kahawa na mirungi kwa kuwa vyote hufukuza usingizi, ilhali utendaji wake ubongoni ni tofauti kabisa. Kafeini, kemikali ya kahawa inayochangamsha, haimwongezei mtu nguvu. Huziba tu nafasi ambazo adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni tangu tunapoamka na kutuletea usingizi, ingejishikiza, kwa hiyo deni la usingizi hubaki palepale. Mwili huchukua takriban saa 5 kuipunguza kafeini kwa nusu, na ndiyo maana kikombe kidogo cha saa nne usiku pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, hata kikisindikizwa na kashata, humfuata mnywaji hadi kitandani. Katinoni, kemikali ya mirungi iliyo jamaa ya amfetamini (dawa kali ya kusisimua), husukuma dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha na hamasa, itoke kwa wingi: maneno humiminika, njaa hukatika, kisha hufuata unyong'onyevu. Katinoni huharibika majani yakinyauka, hivyo mlaji hutaka mabichi. Tena sheria inaikataza mirungi. Anayelazimika kukesha, kwa maoni yangu, anywe kahawa mwanzoni mwa usiku na kuiacha mapema, ili baada ya alfajiri apate kulala.