Cheki-in mtandaoni kwa ndege za kodisheya: mlango ni wa anayerusha ndege

Ndege ya kodisheya (codeshare) ni ile ambayo shirika moja linauza tiketi na jingine linairusha. Cheki-in yake ya mtandaoni naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa sababu moja: shirika lililouza tiketi hukutumia ujumbe kwamba cheki-in imefunguliwa, unajaza taarifa zako zote, halafu kwenye ukurasa wa mwisho linakuambia haliwezi kukukamilishia. Na kweli haliwezi. Tiketi ina namba yake, lakini ndege ni ya mwenzake, na orodha ya abiria, ramani ya viti na pasi za kupandia viko kwenye mfumo wa huyo mwenzake.

Kwa hiyo mimi huanza na risiti ya tiketi, si ule ujumbe wa ukumbusho. Chini ya kila namba ya ndege kuna maandishi madogo, "operated by", yakifuatiwa na jina la shirika linalorusha. Tiketi ikiandikwa UA, yaani United, na tarakimu nne, kisha chini yake Lufthansa, cheki-in inafanywa Lufthansa, si United. Kaunta na jengo la abiria uwanjani pia ni la Lufthansa. Safari yenye ndege mbili inaweza kuwa na warushaji wawili, hivyo soma kila mstari peke yake.

Panapowakwamisha wengi ni namba ya bukingi. Ni herufi na tarakimu sita, na watu hudhani safari moja ina namba moja. Sivyo. United na Lufthansa hawatumii mfumo mmoja wa bukingi, kwa hiyo safari ile ile ina namba moja huku na nyingine kule. British Airways wako kwenye mfumo uitwao Amadeus, American wako kwenye mwingine, Sabre: namba mbili tena. Mashirika yote mawili yakiwa Amadeus, mara nyingi namba moja inafungua pote, na ndiyo maana rafiki yako atakuapia kwamba yeye hakupata shida yoyote. Ukiingiza namba ya muuzaji kwenye tovuti ya mrushaji, jibu ni "bukingi haijapatikana". Hapo usidhani tiketi imefutwa.

Namba ya pili hupatikana kwa njia tatu. Fungua bukingi kwenye tovuti ya muuzaji, bofya ndege yenyewe uone maelezo yake. Baadhi ya tovuti huionyesha hapo. Isipokuwepo, waulize kwa chati au simu, na uulize hivi hivi: "Naomba namba ya bukingi ya shirika linalorusha ndege." Ukiuliza "namba yangu" tu, watakurudishia ile ile uliyo nayo. Njia ya tatu, ambayo ndiyo naipenda, ni kuacha bukingi na kuingiza namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tovuti nyingi za mashirika zinaikubali. Angalizo kwa waliokata kwa wakala wa mtandaoni: namba kubwa iliyo juu ya barua pepe yake kwa kawaida ni ya wakala mwenyewe na haifungui kitu kwa shirika.

Jina nalo lina vituko. Mifumo hii haihifadhi ritifaa, hivyo Ng'ang'a huwa NGANGA. Cheo nacho hubandikwa kwenye jina la kwanza, na Asha anakuwa ASHAMRS. Jina likikataliwa, jaribu bila nafasi na bila alama yoyote, kisha jaribu lilivyo kwenye risiti, herufi kwa herufi.

Saa za kufunguliwa ni za mrushaji pia. United hufungua saa 24 kabla ya ndege kuondoka, KLM saa 30, Emirates saa 48. Ndiyo maana unaweza kupata pasi ya kipande cha kwanza ukanyimwa ya pili. Mara nyingine dirisha lake halijafunguliwa tu. Rudi baadaye, kwenye tovuti ya mrushaji wa kipande hicho.

Sasa tatizo zito, ambalo tovuti hulieleza kwa sentensi isiyosaidia, "wasiliana na shirika". Ratiba ikibadilishwa, bukingi huhamishiwa kwenye ndege mpya, lakini tiketi ni kumbukumbu nyingine, na kuponi zake, yaani sehemu za tiketi, moja kwa kila ndege, zinaweza kubaki na ndege au tarehe ya zamani. Bukingi inakuona, tiketi haikutambui, cheki-in inagoma. Mrushaji kwa kawaida hawezi kurekebisha tiketi ya mwenzake. Anayetakiwa kuitoa upya ni aliyeitoa. Tazama tarakimu tatu za mwanzo: 016 ni United, 220 Lufthansa, 074 KLM, 176 Emirates. Piga huko, au kwa wakala ikiwa ndiye aliyeikata, uulize kama kuponi zote zinalingana na bukingi. Piga siku ile ile unapopata taarifa ya mabadiliko. Ukisubiri hadi saa za mwisho, udhibiti wa kuponi unaweza kuwa umeshahamia kwa mrushaji, na kila upande utakutuma kwa mwingine.

Kiti ulichochagua kwa muuzaji kihakikishe kwenye ramani ya mrushaji, hasa kama ulikilipia. Hakikisha pia namba yako ya uanachama, ile ya kukusanyia maili, haijafutika njiani.

Kuhusu mzigo, tovuti ya mrushaji inaweza kukuonyesha kiwango chake na kutaka kukuuzia begi ambalo tayari unalo. Usilipe kabla ya kusoma risiti: 2PC ni mabegi mawili, 30K ni kilo 30 kwa jumla. Nenda nayo uwanjani ikiwa imechapishwa.

Ukiambiwa cheki-in imekamilika ila pasi utapewa kaunta, usihangaike kuanza upya. Mara nyingi ni ukaguzi wa pasipoti na viza, ambao lazima ufanywe na mtu. Watoto wachanga na wanyama nao huenda kaunta mara nyingi.

Pasi ukiipata, ipakue kutoka kwa mrushaji uiweke kwenye simu, kwa sababu apu ya muuzaji huenda isiionyeshe kabisa. Unapokabidhi begi, soma lebo yake: iwe na herufi tatu za uwanja wako wa mwisho. Zikiwa za uwanja wa kubadilishia ndege na wewe hukutakiwa kulichukua begi huko, mwambie mhudumu hapo hapo, kabla mkanda haujalivuta.