Kabla ya silanti: dawa za kusafishia rangi nilizozijaribu kwenye gari jeusi

Silanti, ile dawa inayopakwa mwishoni juu ya rangi ya gari ili kuilinda, haichagui cha kushika. Ikikuta rangi safi, inashika rangi. Ikikuta mafuta ya polishi, waksi ya zamani au chembe za breki, inashika hivyo hivyo, na baada ya mvua chache unaanza kuilaumu chupa. Ndiyo maana silanti yenyewe sitaizungumzia hapa. Nataka kusema kuhusu dawa zinazoitangulia, kwa sababu ndizo zilizonipa kazi ya kuchagua na ndizo zenye uwezo wa kuharibu rangi. Gari langu ni jeusi, limeshatembea sana, na bampa la mbele limepigwa rangi upya siku za karibuni. Weusi hauna siri: dawa au kitambaa kikikwaruza, unaona hapo hapo.

Unachokisugua ukisafisha gari ni klia, lile tabaka angavu la juu kabisa. Kwenye magari mengi, tabaka zote za rangi ya kiwandani kwa pamoja zina unene wa mikroni (elfu za milimita) 100 hadi 150, na klia inachukua kama 35 hadi 50 tu. Klia ikishaliwa hairudi, labda kwa fundi rangi. Kwa hiyo naanza na dawa laini kuliko zote, na kali inaingia pale tu laini iliposhindwa.

Lebo ya mbele siiamini. Karibu kila chupa imeandikwa kuwa ni salama kwa rangi zote. Ninachokitafuta ni karatasi ya taarifa za usalama, ambayo watengenezaji wengi huiweka kwenye tovuti zao. Ina sehemu 16, na mpangilio wake ni ule ule kwa bidhaa zote. Nasoma sehemu ya 2 inayotaja hatari, ya 3 yenye viambato, na ya 9 ambako pH, kipimo cha utindikali au ualkali, huandikwa. Iliyo karibu na 7 hainipi wasiwasi. Ikifika 11 au 12, hiyo ni dawa ya kung'oa grisi ya injini, na hata ukiambiwa uizimue mimi siipelekei klia bila sababu. Dawa za rimu zenye tindikali ya hidrofloriki hazikanyagi kwangu kabisa. Tindikali hiyo hupenya ngozi na kudhuru hadi mfupa, na wakati mwingine maumivu yanachelewa kuja.

Kwenye shampuu nilichagua isiyo na mbwembwe: pH ya kati, povu la kutosha, na haina waksi ndani. Zile zinazoosha na kung'arisha kwa pamoja ni nzuri kwa wiki za kawaida, lakini kabla ya silanti zinakurudisha nyuma, maana zinaacha utando ule ule unaotaka kuuondoa. Sabuni ya vyombo watu wengi wanaisifia kwa kung'oa waksi. Kweli inapunguza waksi laini, ila utelezi wake ni mdogo, kwa hiyo mchanga uliobaki kwenye bodi unaburuzwa chini ya sponji. Silanti ya zamani yenyewe haibanduki kwa sabuni hiyo.

Dawa niliyoipenda kuliko zote ni ya kuyeyusha chembe za chuma. Nilitumia Iron X ya CarPro. Chembe hizo hutoka kwenye diski za breki, zinaruka zikiwa za moto na kujichimbia kwenye klia, kisha zinaota kutu. Kwenye gari jeupe utaziona kama vidoa vya rangi ya chungwa. Kwenye jeusi huzioni, unazigundua kwa mkono tu. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki kiganjani, pitisha vidole juu ya rangi iliyooshwa, na utasikia ukavu kama wa msasa. Ukiipuliza dawa inageuka zambarau pale inapokutana na chuma, na michirizi inatiririka hadi chini. Harufu ndiyo adhabu yake. Kazi inafanywa na thioglikoleti, jamii ile ile ya kemikali inayotumika saluni kukunja nywele, na pua yako itaitambua haraka. Pamoja na harufu hiyo, pH yake iko karibu na ya kati na haikuacha alama yoyote kwenye rangi yangu. Masharti yake ni haya: bodi iwe ya baridi, gari liwe kivulini, usiiache ikauke, suuza kwa maji mengi, na vaa glavu. Wala usiichanganye na dawa nyingine kwenye ndoo moja kwa kutaka kuharakisha.

Kwa lami nilishauriwa petroli, na mwingine akanishauri thina. Vyote viwili vinatoa lami, sibishi. Lakini thina imetengenezwa kuyeyusha rangi, na rangi iliyopigwa upya ni rahisi kulainika kuliko ya kiwandani. Mvuke wa petroli nao unasubiri cheche tu. Nilinunua dawa maalumu ya lami yenye kiyeyusho kinachotokana na maganda ya machungwa. Nikaiweka kwenye kitambaa, nikakiegemeza juu ya doa kwa muda mfupi, nikafuta bila kusugua. Inafanya kazi polepole na inaacha mafuta mafuta, kwa hiyo sehemu hiyo inaoshwa tena kwa shampuu. Isifike kwenye plastiki nyeusi isiyopigwa rangi, maana inaweza kuipausha.

Udongo wa kusafishia rangi, donge linalofinyangika ambalo unalitelezesha juu ya bodi, unafuata, kwa uchafu uliokataa dawa zote. Kuna laini, wa kati na mkali. Kwa gari la kila siku sioni sababu ya kuanza na mwingine zaidi ya laini. Nilichukua Auto-Clay ya Bilt Hamber kwa sababu inateleza kwa maji matupu, hivyo nilipunguza dawa moja kwenye foleni. Paneli ikawa laini kama glasi, na kwenye taa ikaonyesha ukungu wa mikwaruzo midogo. Hilo si kasoro ya udongo huo peke yake. Karibu kila udongo huacha alama kwenye klia laini ya gari jeusi, kwa hiyo usiuguse kama hukupanga kupiga polishi. Udongo ukianguka chini, utupe. Hata ukiuosha, kokoto moja iliyobaki ndani itachora boneti nzima.

Kuhusu polishi nitakuwa mfupi. Tafuta ya kumalizia, yenye chenga nyororo, isiyo na waksi wala vijazio. Vijazio vinaficha mikwaruzo kwa mafuta. Ukiyafuta mafuta, mikwaruzo inarudi, na usipoyafuta, silanti haishiki.

Hapo ndipo inapokuja hatua ambayo wengi huiruka: kufuta mafuta ya polishi. Nilijaribu njia mbili. Ya kwanza ni spiriti ya isopropili ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji yaliyokenekwa, unapata kama asilimia 17 na nusu. Maji yale ya kuongezea betri yanafaa, ila hakikisha ni maji kweli, si tindikali ya betri. Ni rahisi na haiachi kitu nyuma. Tatizo ni kwamba inakauka upesi, kitambaa kinaanza kugoma kikiwa katikati ya paneli, na kwenye klia laini mgomo huo unaacha michirizi. Ukiitumia bila kuizimua, inaweza kulainisha rangi ambayo haijakomaa. Na usidanganyike kutumia kitakasa mikono kwa kuwa nacho kina spiriti: kwa kawaida kina gliserini ya kulinda ngozi, na hiyo itabaki juu ya rangi.

Njia ya pili ni dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilitumia Eraser, nayo ni ya CarPro. Bado ina spiriti, usiitumie penye moto wala chumba kisicho na hewa, lakini kitambaa kinateleza nayo na mafuta yanatoka kwa mfuto mmoja au miwili. Kwa gari jeusi ningeinunua tena bila kufikiri. Kwa gari jeupe au la fedha lenye klia ngumu, mchanganyiko wa isopropili unatosha. Mikrofaiba iwe mpya au iliyofuliwa bila kilainishi cha nguo, na uigeuze upande mara kwa mara, la sivyo unahamisha mafuta kutoka mlango mmoja kwenda mwingine.

Kuna kipimo cha maji ambacho wengi wanakitegemea: puliza maji, yakitanda rangi ni safi, yakijikunja matone kuna kitu bado kipo. Kinasaidia, ila mabaki ya shampuu nayo huyafanya maji yatande. Ukikitumia, suuza vizuri kwanza ndipo uhukumu.

Bampa la mbele sikulipiga silanti. Rangi mpya huendelea kutoa viyeyusho vyake hewani kwa muda baada ya kuonekana imekauka, na ukiifunika mapema unavizuia. Ushauri unaotajwa sana ni kusubiri siku 30 hadi 90 kutegemea rangi na jinsi ilivyokaushwa, kwa hiyo mwulize fundi aliyeipiga alitumia rangi gani. Kwa sasa bampa linapata shampuu na maji tu, bila dawa ya lami, bila udongo, bila spiriti. Pembeni mwa boneti linaonekana limefifia kidogo.