Cinque Terre: kadi inakupa pwani, mashamba yapo Volastra

Hifadhi ya Taifa ya Cinque Terre, eneo la vijiji vitano vya pwani kaskazini-magharibi mwa Italia, ilianzishwa mwaka 1999, na inacholinda hasa ni kazi ya mikono ya wakulima: matuta ya mizabibu na mizeituni yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. UNESCO ilishaliweka eneo hilo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997. Hata hivyo wageni wengi hupiga picha nyumba za rangi, hula, hupanda treni na kuondoka bila kukanyaga shamba.

Kadi ya kiingilio cha hifadhi inachangia hilo. Ipo ya njia za miguu pekee, na ipo inayojumlisha treni za kati ya La Spezia na Levanto. Vipande vya njia ya pwani vinavyolipiwa, kutoka kijiji hadi kijiji, ni Monterosso–Vernazza na Vernazza–Corniglia, kila kimoja saa moja na nusu hadi mbili. Vinapendeza, ila ni vyembamba. Msimu wa watalii, ikifika saa nne asubuhi utakuwa unasimama kupisha watu kila baada ya hatua chache. Kwa Via dell'Amore, njia ya pwani kati ya Riomaggiore na Manarola iliyofungwa mwaka 2012 mawe yalipoangukia watalii na kufunguliwa tena 2024, kuna malipo ya ziada na muda wa kupangiwa. Kwa anayefuata kilimo, hiyo iruke.

Njia ya kushika ni ya kijiji cha mlimani cha Volastra kwenda Corniglia, na haina kiingilio. Panda basi dogo kutoka Manarola hadi Volastra, zaidi ya mita 300 juu ya bahari, kisha tembea kuelekea Corniglia. Ukianzia Corniglia utaimaliza pumzi yote kwenye mwinuko wa msituni kabla hujaona mzabibu hata mmoja. Mwanzoni njia ni karibu tambarare na inapita katikati ya mashamba, mahali pengine juu ya ukuta wenyewe, upana wa mtu mmoja. Mizabibu imelazwa kwenye chanja fupi ili upepo wa chumvi usiichape, kwa hiyo mvunaji hufanya kazi ameinama. Utaona pia reli moja yenye meno ikipanda mlima. Ndiyo hubeba makreti ya zabibu, kwa kuwa gari halifiki.

Simama uzitazame kuta. Ukuta ulio mzima hupitisha maji ya mvua kati ya mawe, na nyuma yake kuna kokoto za kuyachuja. Tuta likitelekezwa, udongo huziba mianya hiyo, maji hujaa nyuma, ukuta hutoa tumbo, kisha hulala na kulifukia tuta la chini. Nguruwe mwitu nao huharakisha mambo kwa kufukua mawe. Ndiyo maana tuta lililolimwa na lililoachwa hupakana, na tofauti inaonekana kwa macho tu. Hakuna kibao cha maelezo kinachofundisha vizuri kuliko hapo, na vibao vyenyewe ni vichache.

Kasoro ni mteremko wa mwisho: mawe yamelainika, na magoti yatalalamika. Ukifika Corniglia bado kuna ngazi zaidi ya 370 za kushuka stesheni, ingawa basi lipo. Ndala ziache; tangu 2019 hifadhi imetangaza faini ya euro 50 hadi 2,500 kwa atakayeingia njiani na viatu visivyofaa. Beba maji lita moja na nusu kwa mtu, maana kivuli ni haba kwenye matuta.

Septemba ndiyo bora, wakati wa mavuno. Zabibu za divai tamu ya sciacchetrà hazikamuliwi wakati huo. Huanikwa kivulini hadi Novemba. Oktoba na Novemba mvua ni za hatari: mafuriko ya tarehe 25 Oktoba 2011 yalizifukia Vernazza na Monterosso kwa matope. Ikitolewa tahadhari ya hali ya hewa, njia hufungwa, kwa hiyo angalia tangazo la hifadhi asubuhi ileile kabla hujanunua kadi.